Bibi Kidawa na Mbwa Aliyeogopa Ugali

Paukwa!

Pakawa!

Hamjaitika. Walioitika ni watatu, na mmoja wao anapiga miayo. Narudia, na safari hii nataka niisikie sauti ya yule aliyejibanza karibu na mlango. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Leo sina sungura wala fisi wa kuwachekesha. Nina mbwa mmoja na bibi kizee mmoja, na hadithi yenyewe huniuma kila ninapoisimulia. Kwa hiyo mtu asinikatize, na wewe unayechokonoa kidonda, acha.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji cha nyumba kumi na tatu, mlimani, msitu unapoanzia. Watu wake walilima mtama na kufuga mbuzi. Jumbe walikuwa naye, na jumbe alikuwa na bakora na sauti kubwa. Lakini neno likiwa zito hawakwenda kwa jumbe. Walikwenda kwa Bibi Kidawa.

Bibi Kidawa alikuwa mfinyanzi. Mdogo wa umbo, mkavu, jicho moja limeingia ukungu. Hakuwa msemaji. Ukimpelekea ugomvi hakukuuliza nani kaanza. Alichukua kigoda chake, akakitia kwapani, akasema, "Nipisheni nikakae." Basi. Anakwenda pale pale palipotokea jambo, kigoda chini, ti, anakaa. Anakaa asubuhi, anakaa mchana, anakaa mpaka jua linazama.

Mara moja nyumba mbili ziligombania chemchemi. Hawa wanasema wale wanatia uchafu, wale wanasema hawa wanatia uchafu. Fimbo zilishatolewa. Bibi Kidawa akasema, "Nipisheni nikakae." Akakaa chemchemini siku nzima. Jioni akarudi akasema, "Ni nguruwe. Wanakuja adhuhuri mkiwa mmelala." Fimbo zikarudishwa ndani, na watu wakaona haya kutazamana.

Huyo ndiye Bibi Kidawa. Mshikeni vizuri, maana tutamhitaji.

Basi siku zikaenda, zikaenda, akaja chui. Akachukua mbuzi wa nyumba ya kwanza. Akachukua mbuzi wa nyumba ya pili. Akachukua ndama wa jumbe, na hapo ndipo jumbe akasema jambo hili ni kubwa. Vijana wakatoka kumwinda. Mmoja wao alikuwa Chande, ameoa juzi juzi, mke wake anaitwa Siwema. Chande alikwenda na mkuki. Mkuki ukarudi, Chande hakurudi.

Siwema akabaki na nyumba, na shamba, na mtoto wa mbwa ambaye mumewe alikuwa amemleta kutoka ng'ambo ya mto. Mwekundu wote, ana alama nyeupe hapa, katikati ya paji la uso. Chande alimwita Doa. Na alimtungia kiwimbo cha kumwitia. Semeni nami, ni kifupi:

*Doa ee, Doa,*
*rudi nyumbani.*
*Doa ee, Doa,*
*moto uko jikoni.*

Tena. Wale wa nyuma sijawasikia.

*Doa ee, Doa,*
*rudi nyumbani.*
*Doa ee, Doa,*
*moto uko jikoni.*

Siwema akaendelea kumwita kwa kiwimbo hicho hicho. Doa akiwa mbali kiasi gani, akikisikia, anakuja mbio, masikio nyuma, anajitupa miguuni pake. Siwema alikuwa hana mtoto, hana mama, hana mume. Alikuwa na Doa. Akila, Doa anakula. Akilia, Doa anamlamba magoti.

Doa akakua. Akawa mbwa wa kifua, wa sauti. Na chui bado anakuja. Ndipo watu wakaenda kwa Siwema.

Jumbe akasema, "Mwanangu, tuazime mbwa wako. Tumfunge pale njia ya msituni, atulinde. Chakula tutampa sisi, kwa zamu, nyumba kwa nyumba. Wewe usijisumbue."

Siwema akasema, "Mtamtunza?"

"Kama mtoto wetu."

Akawapa. Wakamjengea kibanda kikubwa njia ya msituni, wakamfunga kwa kamba ya katani, wakamwekea kigae cha chungu kilichovunjika kiwe chombo chake. Kila siku nyumba moja inampelekea ugali. Leo hawa, kesho wale, mpaka nyumba kumi na mbili zinaisha, ya Siwema haimo, halafu wanaanza upya. Siwema mwenyewe hupita jioni kumwimbia, lakini chakula chake hakukigusa. Aliambiwa asijisumbue, na yeye alikuwa mtu wa kusikia anachoambiwa.

Mwezi mmoja. Miezi miwili. Na Doa akabadilika. Alikuwa anabweka, hau, hau, sasa ananguruma, grrr, hata kama hakuna kitu. Alikuwa analala mchana, sasa halali. Anazunguka kigingi chake, kwacha, kwacha, kwacha, mpaka kamba inamkaba.

Watu wakasema, "Mnaona? Ukali unamwingia."

Na kweli. Alfajiri moja chui akaja. Doa akaikata kamba, akamrukia, akamng'ang'ania mguu wa nyuma, hakuuachia. Chui anamrarua, yeye hauachii. Mpaka akafika Kondo, mpiga mishale wa kijiji, akamaliza kazi. Siku ile walipiga ngoma. Walimbeba Doa juu juu, damu inamchuruzika, wanamwita shujaa, wanamwita baba. Jumbe alimvisha shanga shingoni. Mimi sina la kusema juu ya shanga zile, ila nazikumbuka kila nikisimulia.

Chui amekufa. Kazi imekwisha. Lakini hakuna aliyekwenda kumfungua Doa. Walimrudisha kwenye kibanda, wakamfunga kamba mbili, na zamu za ugali zikaendelea. Siwema alikwenda kumwomba jumbe mara mbili. Jumbe alisema, "Ngoja kwanza. Huenda yupo chui mwingine."

Siku moja akapita mchuuzi wa chumvi. Doa akamng'ata paja. Watu wakacheka. Walisema mchuuzi ana miguu myembamba, Doa alidhani ni kuni.

Siku nyingine akapita Kondo, yule yule Kondo aliyemwokoa. Doa akamng'ata mkono. Siku hiyo hawakucheka. Walinung'unika.

Siku ya tatu akapita Kibibi. Kibibi alikuwa binti wa Mfaume, ana miaka mitano, ana meno mawili yameng'oka. Mtoto huyu tangu zamani alikuwa rafiki wa Doa, humletea mifupa. Siku hiyo pia alileta mfupa. Alichutama, akaunyoosha mkono, akasema, "Doa, shika." Doa akaacha mfupa, akashika shavu.

Hakuna aliyenung'unika. Kijiji kizima kilinyamaza. Waliposikia sauti tena ilikuwa ya mama yake Kibibi.

Sasa sikilizeni desturi ya kijiji kile. Mbwa akimwaga damu ya watu mara tatu, mwenye mbwa humuua kwa mkono wake mwenyewe. Kisha hufunga virago, akaondoka, asirudi. Ndiyo ilivyokuwa, na hakuna aliyewahi kuibadilisha.

Wakakusanyika barazani kwa jumbe. Siwema akaletwa mbele. Mfaume alikuwa amesimama, shuka yake ina damu ya mwanawe, na mikono haijui pa kukaa.

Mfaume akasema, "Nataka mbwa afe leo."

Siwema akasema, "Kaka Mfaume, nimemwona mtoto. Nimelia pamoja na mkeo. Lakini Doa hakuwa hivi. Mnamjua wote, hakuwa hivi."

Jumbe akasema, "Alivyokuwa hatuulizi. Desturi unaijua."

"Naijua. Nitamuua kwa mkono upi, baba? Huu niliomlishia akiwa mdogo? Na nikishamuua, niende wapi?"

Hapo watu wakaanza kutoa maneno, maana kumfukuza mjane kuliwakera, na mbwa kila mtu alimwogopa. Mmoja akasema, tumpeleke msituni tumwache huko. Mwingine akasema, tumng'oe meno. Wa tatu akasema, tumpe mchuuzi wa chumvi akamuuze kijiji cha mbali, ambako hawamjui.

Nyuma ya watu wote ikasikika sauti ndogo. "Wasiomjua wana watoto au hawana?"

Watu wakageuka. Bibi Kidawa alikuwa amesimama, kigoda kwapani.

Akasema, "Nipisheni nikakae."

Wakampisha. Akateremka njia ya msituni, polepole, kwa magoti yake mabovu, mpaka kwenye kibanda cha Doa. Akapima kamba inafika wapi. Akaweka kigoda hatua moja nje ya hapo, ti. Akakaa.

Siku ya kwanza Doa alimbwekea tangu jua linachomoza mpaka linazama. Hau, hau, hau. Povu linamtoka. Bibi Kidawa alikuwa na tonge la udongo mkononi, akawa analifinyanga, analibonyeza, analifinyanga tena. Jioni akaenda zake.

Siku ya pili ikaja nyumba ya zamu na ugali wa mtama. Bibi Kidawa akasema, "Nipeni mimi." Akautia kwenye kigae, akakisukuma kwa fimbo. Doa alikuwa na njaa, mbavu unaweza kuzihesabu. Akasogea. Akanusa. Akarudi nyuma. Akasogea tena, akausukuma ugali kwa pua, akaugeuza upande wa pili, akautazama, akarudi nyuma anatetemeka, mkia katikati ya miguu.

Bibi Kidawa akaacha kufinyanga.

Maana amefuga mbwa maisha yake yote, na amezika mbwa wengi. Mbwa anayeogopa fimbo alishamwona. Mbwa anayeogopa moto alishamwona. Mbwa mwenye njaa anayeogopa ugali hakuwahi kumwona.

Akakivuta kile kigae kwa fimbo. Akamwaga ugali. Akakwangua chini kabisa, palipoganda mabaki ya miezi mingi, akayaweka kiganjani, akayasogeza kwenye jicho lake zima. Aliyatazama muda mrefu. Kisha akayafunga katika pindo la kaniki yake, akarudi nyumbani, na siku ile hakula.

Siku ya tatu alikuja na ugali wake mwenyewe, na mchuzi kidogo. Akakaa pale pale. Akamega tonge, Doa anamtazama. Akalitia mdomoni mwake, akatafuna, akameza. Akamega la pili, akamsukumia. Doa akanusa. Akamtazama bibi. Akala.

Akamega tena, akala yeye kwanza. La pili akampa Doa. Hivyo hivyo, moja langu moja lako, mpaka ugali ukaisha. Ilipofika alasiri kigoda kilikuwa kimeshaingia ndani ya kamba, na Doa alikuwa ameweka kidevu chake juu ya mguu wa Bibi Kidawa, macho yamefumba. Ndiyo mara ya kwanza watu kumwona amelala mchana tangu wamfunge.

Siwema alikuwa amesimama mbali kidogo. Alipoona vile akakaa chini, njiani, akajifunika uso, akalia kwa furaha. Mnajua na mimi nilipofikishwa hapa mara ya kwanza nilishangilia. Nilidhani hadithi imekwisha. Nilikuwa mdogo kama ninyi.

Siku ya nne Bibi Kidawa yuko kwenye kigoda chake, Doa yuko miguuni. Watoto wa jirani wakapita wanakimbizana. Mmoja akajikwaa, akaanguka karibu na kibanda, akapiga kelele. Ni hiyo tu. Mtoto kaanguka, kalia. Doa akainuka akiwa bado na usingizi machoni, akaruka, kamba ya kwanza ikakatika, pa, kamba ya pili ikakatika, pa. Bibi Kidawa hakuwa na la kufanya ila kutia mkono wake katikati. Doa akaung'ata mkono.

Aliung'ata mpaka kwenye mfupa. Kisha akaona ni mkono wa nani. Akauachia. Akalala chini kifudifudi, akawa analia kama mtoto wa mbwa, analamba damu ile ile aliyoitoa.

Bibi Kidawa akamwekea mkono wa pili kichwani, akasema, "Najua, baba. Najua. Huwezi tena."

Mtoto alisalimika. Lakini yeye alikuwa ameshajua jibu, na lilikuwa lile ambalo hakulitaka.

Wakakusanyika tena barazani. Bibi Kidawa akaja, mkono umefungwa kwa majani na kitambaa. Siwema alimwangalia yule bibi usoni, na hakuuliza. Aliona.

Bibi Kidawa akafungua pindo la kaniki kwa mkono wa kushoto, akamwaga kile alichokifunga mbele ya watu. Vilikuwa vipande vyepesi vya kijivu, vina matundu matundu, na vijibawa, na viwiliwili vikavu vyenye mistari.

Akasema, "Hivi ni viota vya nyigu. Nimevikwangua kwenye chombo cha Doa. Nani alimtilia?"

Watu wakainamisha vichwa.

"Sikuja kumpiga mtu. Nani alimtilia nyigu kwenye ugali?"

Jumbe akatazama dari. Kondo akatazama mkono wake wenye kovu. Kisha Mfaume, baba yake Kibibi, akapiga magoti.

"Ni mimi," akasema. "Wakati wa chui. Zamu yetu ya kwanza. Nilisikia mbwa akila nyigu huwa mkali. Nikasema nimtie kiota kimoja tu, atulinde."

Kondo akasema, "Na mimi nilitia. Kimoja tu."

Mwanamke mmoja akasema, "Hata sisi. Nilidhani ni sisi peke yetu."

Mmoja baada ya mwingine. Kimoja tu. Kimoja tu. Kimoja tu. Jumbe akawa wa mwisho, na sauti yake kubwa sijui ilikuwa imekwenda wapi. Nyumba kumi na moja, na kila nyumba ilidhani iko peke yake. Na zamu iliporudi mara ya pili wakatia tena, kwa sababu waliona kinafaa. Mbwa yule alikuwa analishwa nyigu wazima na wafu, wanamuuma ulimi, wanamuuma koo, siku kwa siku, na mikono inayomletea ni ya watu wote wa kijiji. Angejuaje kwamba mchuuzi wa chumvi na Kibibi hawamo?

Siwema alikuwa amesimama katikati yao. Alikuwa anawatazama uso kwa uso. Akasema, "Mliniambia kama mtoto wenu."



Bibi Kidawa akasema, "Zimesema nyumba kumi na moja. Nyumba za zamu ni kumi na mbili. Ya kumi na mbili ni yangu."

Watu wakainua vichwa.

"Mimi sikutia nyigu. Mimi nilitia neno. Mwaka ule chui alipoanza, mlikuja kwangu, mkaniuliza mbwa anafanywaje kuwa mkali. Mlikuwa vijana wanne na mna haraka. Nikawaambia, kwetu nilikozaliwa walikuwa wakimpa nyigu. Nikawaambia pia kwamba wale mbwa hawakuishia vizuri. La kwanza mlilichukua, la pili hamkulisubiri, mlikuwa mmeshashika njia. Ningewaita. Sikuwaita, nilikuwa na vyungu motoni. Na tangu siku mliyomfunga Doa pale mpaka alipomng'ata mtoto, mimi ambaye kila siku nasema nipisheni nikakae, kule sikwenda kukaa hata mara moja."

Halafu akasema tena, polepole, kana kwamba anajiambia mwenyewe. "Kule sikwenda kukaa."

Wanasema hiyo ndiyo siku pekee Bibi Kidawa alipoonekana analia. Jicho zima lililia, na lile la ukungu nalo lililia.

Jumbe akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa tufanye nini, mama?"

"Doa atakufa," akasema Bibi Kidawa. "Nimekaa siku nne nikitafuta njia nyingine. Nyigu hawakumtia ukali, walimtia maumivu, na maumivu yale yamekuwa yeye. Atanilalia miguuni leo na kesho atamshika mtoto. Siwezi kuwapa watoto wenu kwa ajili ya kumwonea huruma, na siwezi kumpa mtu wa mbali asiyejua. Siwema mwanangu, nisamehe."

Siwema hakusema amesamehe. Alisema, "Nani atamuua?"

"Desturi inasema mwenye mbwa, kwa mkono wake, kisha ahame. Basi. Mwenye mbwa ni nani? Ni aliyemlisha. Tumemlisha sote. Tutakwenda sote, mmoja kutoka kila nyumba, tushike kamba. Na kama kuna wa kuhama, tuhame sote, tumwachie Siwema kijiji."

Hakuna aliyehama. Lakini desturi ile iliishia hapo.

Wakaenda asubuhi iliyofuata, jua limetoka, umande bado. Doa, aliyefungwa upya, alikuwa amejificha ndani kabisa ya kibanda, hataki kutoka. Jumbe akamwambia Siwema, "Mwite. Mwimbie, atakuja."

Siwema akafungua mdomo. Bibi Kidawa akamshika mkono.

"Usimwimbie," akasema. "Wimbo ule ni wa kumwita nyumbani. Asiitwe kwa wimbo ule aje kufa. Tumfuate sisi alipo."

Wakamfuata. Watu kumi na wawili wazima wakainama wakaingia kibandani kwa mbwa, mmoja nyuma ya mwingine, na kila mmoja akashika kamba. Mfaume alishika. Kondo hakushika kamba, alishika upinde, na mkewe alishika kamba badala yake. Bibi Kidawa akaweka kigoda, ti. Alikuwa amepika ugali na mchuzi wa kuku. Akamega tonge kwa mkono wa kushoto, akala. Akamega la pili, akampa Doa.

Doa hakunusa. Alikula tu.

Alipokwisha kula, akaweka kidevu kwenye mapaja ya Siwema. Bibi Kidawa akamfunika macho kwa pindo la kaniki. Kondo akavuta upinde.

Fyuu.

Kamba haikuvutika. Wale kumi na wawili walisema baadaye kwamba walingoja ivutike, na haikuvutika. Alilala kama alivyolala siku ya tatu.

Ndipo Siwema akaimba. Siyo kumwita, alikuwa ameshakwenda. Aliimba tu. Semeni nami, taratibu.

*Doa ee, Doa,*
*rudi nyumbani.*
*Doa ee, Doa,*
*moto uko jikoni.*

Wakamzika pale pale, na zile shanga za jumbe wakamvua kwanza, Siwema alisema asizikwe nazo.

Mkono wa Bibi Kidawa haukupona vizuri. Kidole gumba kilibaki kimekakamaa. Vyungu vyake tangu siku ile vikawa vinaegemea upande, ukitia maji yanalala kushoto. Watu waliendelea kupikia vyungu hivyo, na hakuna aliyethubutu kulalamika. Chombo cha kwanza alichokifinyanga kwa mkono ule kilikuwa bakuli pana, bovu kabisa, la chakula cha mbwa. Akaliweka katikati ya kijiji, mahali ambapo kila nyumba inaliona.

Akasema, "Atakayefuga mbwa atamlishia hapa, mchana, watu wanaona. Na kabla hajampa, ale tonge la kwanza yeye."

Ikawa hivyo. Mwaka uliofuata Mfaume alivuka mto, akarudi na mtoto wa mbwa, mweusi. Akampelekea Siwema, akasimama mlangoni. Siwema alimtazama mtoto wa mbwa muda mrefu. Hakutaka kumchukua. Nyuma ya Mfaume alikuwepo Kibibi, shavu limeshonana vibaya. Kibibi akasema, "Shangazi, na huyu nimlishe mimi? Nitakula kwanza."

Siwema akawafungulia mlango.

Sasa nitawaambia kitu, halafu mnipe maji ninywe. Bibi yangu, mzaa mama, ndiye aliyenisimulia hadithi hii. Alikuwa na kovu, kutoka hapa, chini ya jicho, mpaka hapa, kwenye taya. Mkisema basi si zamani za kale sana, ni shauri yenu, kwangu mimi ni zamani. Alikuwa haweki chakula mbele ya mtu wala mbele ya mnyama kabla hajakionja. Tulikuwa tunamcheka. Na kila akifika pale Doa anapofunikwa macho kwa kaniki, mkono wake ulikuwa unapanda shavuni, machozi yanamtoka.

Siku moja nikamuuliza, "Bibi, bado linauma?"

Akaniambia, "Silii shavu, mjukuu wangu. Siku ile alikuwa na njaa, na mimi nilimpelekea mfupa mtupu."

Basi wanangu, ujumbe wake ni huu, nausema wazi ili asiwepo wa kusema hakusikia. Ukitaka kumhukumu anayeuma, nenda kwanza ukaangalie alikuwa analishwa nini, na kama mkono wako ulipita kwenye chombo chake, useme. Huenda bado mtalazimika kumlilia. Lakini mtamlilia nyote, hatabebeshwa mjane mmoja.

Mzigo wangu nimeutua hapa, hadithi yangu imefika mwisho wake. Atakayekwenda kuisimulia kwao, aibebe yote, asiondoke na nusu.